Mzee Anapokosa Pumzi: Kutambua na Kutibu Njia za Hewa Zilizoziba

Wazee wetu hawalalamiki kwamba wanakosa pumzi. Wanapunguza mwendo tu. Babu aliyekuwa akienda mnadani kwa miguu anaanza kuwatuma wajukuu. Bibi anaacha kwenda kisimani, baadaye anaacha kwenda hata kwa jirani, mwisho anashinda barazani, na nyumba nzima inasema ni uzee. Pumzi hupungua kwa umri, ni kweli, lakini mzee mwenye mapafu mazima hatweti kwa kuvaa shati. Anayetweta hivyo anaumwa.

Mara nyingi anachoumwa ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule unaoandikwa COPD kwenye kadi. Mirija ya hewa imevimba na kujaa makohozi, vifuko vidogo vilivyo mwisho wa mirija vimebomoka, na hewa inayoingia haiwahi kutoka yote kabla pumzi nyingine haijavutwa. Kilichobomoka hakijengeki tena. Hata hivyo mzee anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya maisha yake, mradi ugonjwa upimwe badala ya kukisiwa. Kukisia ndiko kunakotuponza: mmoja ataitwa mwenye pumu miaka nenda rudi, mwingine atamezeshwa dawa za kifua kikuu mara ya pili bila makohozi yake kuonyesha kitu, wa tatu atachomwa sindano ya deksa (deksamethasoni) kila akibanwa.

Mwongozo huu ni wa tabibu na muuguzi wa zahanati au kituo cha afya. Wanaomtunza mzee nyumbani wasome zaidi hatua ya 5, ya 6 na ya 7. Dozi zilizotajwa humu ni za kupimiwa na mtaalamu, si za kwenda nazo dukani.

Hatua ya 1: Uliza habari za jikoni

Swali la "unavuta sigara?" ni la lazima, ila likiwa peke yake linapotosha. Bibi atasema hapana, tabibu ataweka mkasi, na COPD itafutwa kwenye mawazo. Masindi, Uganda, watafiti waliwapima pumzi watu wenye zaidi ya miaka 30, wakatangaza mwaka 2015 kwamba takriban asilimia 16 walikuwa na ugonjwa huu. Wanawake hawakuwa nyuma ya wanaume, na karibu wote waliopimwa walikuwa wakiishi na moshi wa kuni.

Kwa hiyo uliza: Mama, umepikia kuni tangu lini? Jiko liko ndani au nje? Lina dirisha? Umewahi kukausha samaki kwa moshi, au kuchoma mkaa? Kwa babu, ongeza vumbi la katani, la pamba na la migodini. Usisahau kiko na msokoto, maana wapo wasiovihesabu kuwa ni sigara. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: umewahi kunywa dawa za kifua kikuu? Kifua kikuu kilichopona huacha makovu na mirija iliyoziba, na mzee wa namna hiyo akianza kuhema hudhaniwa kila mara kwamba ugonjwa wa zamani umerudi.

Pima ukosefu wa pumzi kwa mwendo. Alama ni 0 kama anahema kwa kazi nzito tu; 1 kama anahema akiharakisha au akipanda kilima; 2 kama anaachwa nyuma na wenzake wa rika lake au husimama kupumzika akitembea mwendo wake mwenyewe; 3 kama husimama baada ya mita 100 hivi au dakika chache kwenye tambarare; 4 kama hawezi kutoka nje, au hutweta kwa kuvaa nguo. Andika namba hiyo kwenye kadi. Neno "anahema" halitamsaidia tabibu atakayemwona baada ya miezi 6.

Uliza pia mwaka uliopita amezidiwa mara ngapi hadi kupewa antibiotiki au prednisoloni, na kama amelazwa. Halafu mwombe aliyemleta afungue mfuko wa dawa mezani, maana wazee hutembea na duka zima. Kikohozi kikavu kilichoanza baada ya kuandikiwa kaptoprili au enalaprili huenda kinatokana na vidonge hivyo hivyo vya presha. Propranololi hubana mirija. Na kuna kinachojificha kuliko vyote: matone ya timololi kwa ajili ya presha ya macho. Ni tone moja tu jichoni, lakini huingia mwilini na linaweza kumbana mzee kifua. Ukiyakuta, usimwachishe ghafla; wasiliana na mtaalamu wa macho ambadilishie.

Hatua ya 2: Ondoa vinavyofanana nayo

Kifua kikuu kwanza. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda: chukua makohozi yaende kwenye mashine ya vinasaba kabla ya jambo lingine lolote, hata kabla ya kumpulizisha kwenye spirometri, kwa usalama wa wanaomfuata kwenye foleni.

Moyo ni wa pili, na hapa wengi huteleza kwa sababu mzee anaweza kuwa na yote mawili. Mwenye moyo uliochoka hushindwa kulala bapa, huamka usiku wa manane akitafuta hewa, miguu imevimba, presha mara nyingi iko juu. Mwenye COPD naye hukaa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, na ugonjwa ukikomaa upande wa kulia wa moyo huelemewa, miguu ikavimba vilevile. Ukiwa na shaka, mpeleke apigwe picha ya kifua na kipimo cha moyo. Picha safi ya kifua haiondoi COPD. Kazi yake hasa ni kuonyesha mengine, kama uvimbe, maji, makovu au moyo mkubwa.

Pima damu. Hemoglobini ikiwa chini sana, mzee atahema hata mapafu yakiwa salama. Tazama kucha pia: vidole vyenye ncha zilizovimba na kucha zilizopinda si dalili ya COPD, bali vinaelekeza kwenye saratani ya mapafu au mirija iliyotanuka na kuoza. Akitema damu, mpe rufaa.

Pumu ina tabia yake. Huanza mapema maishani, huja na kuondoka, huchachamaa usiku, na kati ya shambulio na shambulio mtu hurudi mzima kabisa. COPD haiachii namna hiyo. Inasogea polepole, mwaka hadi mwaka, na siku nzuri zake ni zile tu ambazo si mbaya sana.

Hatua ya 3: Pima pumzi yenyewe

Kipimo kinachothibitisha ni spirometri. Mzee huvuta hewa hadi mwisho, kisha hupuliza kwa nguvu zake zote mpaka isibaki kitu. Mashine hulinganisha hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza na hewa yote iliyotoka. Anapewa mipulizo 4 ya salbutamoli kwa spesa, yaani chombo kinachokaa kati ya kopo la dawa na kinywa, anasubiri dakika 15, anapuliza tena. Uwiano ukibaki chini ya 0.70 baada ya dawa, na dalili zipo, na historia ya moshi, vumbi au kifua kikuu ipo, hiyo ni COPD. Ukipanda na kuvuka hapo, fikiria pumu.

Kwa wazee uwiano huo una mtego. Hushuka wenyewe kwa umri, kwa hiyo mtu wa miaka 80 mwenye 0.68 ambaye bado analima bila kuhema si mgonjwa, usimbambike jina. Mashine nyingi huonyesha pia kiwango cha chini cha kawaida kwa umri wake. Kitumie.

Namna ya kumwongoza ina uzito kuliko ubora wa mashine. Akae kwenye kiti chenye mikono, maana wengine hupata kizunguzungu. Meno ya bandia yabaki kinywani kama hayachezi, kwa kuwa husaidia midomo kushika mdomo wa mashine. Wewe mwenyewe fanya mbele yake kwanza, bila kuona haya. Kisha msimamie kwa sauti: "Vuta, vuta, vuta! Puliza! Endelea, endelea, bado ipo, endelea!" Wengi huacha sekunde ya tatu wakidhani wamemaliza. Unataka mipulizo mitatu inayokubalika, na miwili iliyo bora isipishane zaidi ya mililita 150. Akichoka, mpumzishe. Aliyepata mshtuko wa moyo karibuni, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa jicho au anayetema damu asipulize.

Spirometri haipo kwenye zahanati nyingi, na hakuna maana ya kujifanya ipo. Kama huna, mwambie mzee avute hewa yote kisha aitoe haraka awezavyo, kinywa wazi, huku umeweka stetoskopu kooni juu tu ya mfupa wa kifua. Hesabu sekunde hadi sauti ikatike. Mapafu mazima humaliza ndani ya sekunde 3 au 4. Ikivuka 6, kuna kizuizi. Njia hii haithibitishi ugonjwa, ila inakwambia nani apewe nauli ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa kupimwa, na katika familia yenye nauli moja tu hilo si jambo dogo.

Kipima oksijeni cha kidoleni kiwepo mezani. Rangi ya kucha na piko nyeusi huharibu usomaji, kwa hiyo tafuta kidole kisicho nazo au tumia ndewe ya sikio. Kidole baridi kipashwe moto kwanza. Na kumbuka kwamba kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi. Ukiona 92 na mzee anahangaika, amini macho yako.

Hatua ya 4: Chagua dawa

Dawa ya COPD huvutwa. Vidonge vya salbutamoli hutetemesha mikono na kuuendesha moyo mbio, na faida yake ni ndogo. Kwa mzee mwenye presha ni biashara ya hasara. Aminofilini ni hatari zaidi: tofauti kati ya dozi inayosaidia na inayodhuru ni finyu, na mzee akiandikiwa siprofloksasini au erithromaisini juu yake, kiwango hupanda kwenye damu, ataanza kutapika, moyo kwenda mbio, hata degedege. Ningeiacha ibaki kabatini.

Mwenye dalili za hapa na pale aanze na salbutamoli ya kuvuta, mipulizo 2 akibanwa. Anayehema kila siku anahitaji dawa ya kufungua mirija kwa muda mrefu: tiotropiamu mara moja kwa siku, au formoteroli mara mbili, na mwenye alama ya 2 kwenda juu hufaidika zaidi na zote mbili kwa pamoja. Tiotropiamu na ipratropiamu zitolewe kwa uangalifu kwa babu mwenye tezi dume, maana mkojo unaweza kuziba, na kwa mwenye presha ya macho.

Steroidi ya kuvuta, kama budesonidi, si ya kila mtu. Inawafaa waliochanganya COPD na pumu, na wale wanaozidiwa mara kwa mara huku kipimo cha damu kikionyesha eosinofili 300 au zaidi kwa kila mikrolita. Eosinofili zikiwa chini ya 100, faida ni haba na hatari ya nimonia iko palepale. Usiitoe peke yake bila dawa ya kufungua mirija. Kila akishavuta asukutue na kutema, la sivyo kinywa kitaota utando mweupe wa fangasi.

Prednisoloni ya kila siku kwa miezi na miaka, pamoja na ile deksa ya kila mwisho wa mwezi, haina nafasi hapa. Mzee hujisikia vizuri siku mbili tatu, ndiyo sababu huirudia; kinachofuata ni sukari kupanda, mifupa kuwa mepesi, na kifua kikuu kilicholala kuamka.

Aliye na ugonjwa wa moyo asinyimwe dawa za moyo kwa kuogopea kifua. Bisoprololi huvumilika vizuri kwa wengi wenye COPD.

Hatua ya 5: Mfundishe kuvuta

Hapa ndipo matibabu mengi huharibikia. Vidole vyenye baridi yabisi havibonyezi kopo, macho yenye mtoto wa jicho hayaoni namba za dozi, na kubonyeza na kuvuta kwa pamoja ni mtihani hata kwa kijana. Dawa huishia kwenye ulimi. Mpe spesa. Ikikosekana, itengeneze.

Madaktari wa watoto wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita hufanya kazi sawa na spesa ya dukani kwa watoto wenye pumu. Kwa mzee kanuni ni ile ile. Chukua chupa ya maji iliyo safi na kavu. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa kopo la dawa, upashe moto, na utoboe kitako cha chupa. Chomeka kopo kitakoni, ziba ukingoni kwa gundi ili hewa isipite. Mzee ataweka midomo kwenye shingo ya chupa. Kabla ya kuitumia, ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo na uiache ijikaushe bila kuisuuza kwa ndani wala kuifuta. Ukiifuta, umeme tuli wa plastiki utanasa dawa ukutani mwa chupa. Osha hivyo kila wiki.

Tikisa kopo. Mzee atoe hewa, abane midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja tu. Avute polepole na kwa kina, azuie pumzi hadi sekunde 10 akiweza. Asiyeweza kuzuia apumue ndani ya chupa mara 5, basi. Subiri nusu dakika, tikisa, rudia. Kubonyeza mara mbili kwa mkupuo ni kupoteza dawa. Za unga ni kinyume chake: huvutwa kwa kasi na nguvu, na mzee dhaifu hazimfai.

Kopo la salbutamoli lina mipulizo 200. Anayevuta 2 mara 4 kwa siku litamwishia baada ya siku 25, ingawa litaendelea kutoa hewa likibonyezwa. Andika tarehe ya kuisha kwenye kopo kwa kalamu nzito.

Hatua ya 6: Moshi, miguu na sahani

Aache sigara. Hakuna dawa inayoshindana na hilo, na miaka 75 si kuchelewa. Usimkaripie, panga naye siku, na chingamu ya nikotini ikipatikana isaidie.

Jiko litoke nje, au mzee atoke jikoni. Gesi ni bora kama familia inaimudu hadi mwisho wa mwezi, si wiki ya kwanza tu. Vinginevyo kuni zikaushwe, dirisha lipanuliwe, na kazi ya kukoka moto ihamie kwa mwingine bila kumhamishia moshi mtoto mgongoni. Katika jimbo la Guangdong, China, watu waliohamia biogesi na kuboresha hewa ya jikoni walifuatiliwa miaka 9, na pumzi zao zilishuka taratibu kuliko za walioendelea na moshi.

Kumwambia mzee "pumzika" ni kumdhuru. Misuli ya miguu isiyotumika hula oksijeni nyingi kwa kazi ndogo. Atembee dakika 20 hivi siku nyingi za wiki, hadi aheme lakini bado aweze kuongea, na ainuke kitini bila kushika mara kadhaa asubuhi na jioni. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mazoezi yaliyosimamiwa ya wiki 6 yaliwaongezea umbali wa kutembea watu walioachiwa mapafu mabovu na kifua kikuu. Akibanwa njiani, asimame, aegemee, avute kwa pua na kutoa hewa kwa midomo iliyobanwa, taratibu, kama anayepoza chai ya moto.

Anayekonda ale kidogo kidogo, mara nyingi. Shibe kubwa husukuma mapafu. Chanjo ya mafua ya kila mwaka na ile ya nimonia zinamfaa; zikipatikana, achanjwe.

Hatua ya 7: Siku ya kuzidiwa

Familia ijue dalili hizi: anahema kuliko kawaida yake, makohozi yameongezeka, yamegeuka manjano au kijani. Zile za kwenda hospitali saa hiyo hiyo ni kushindwa kumaliza sentensi, ulimi au ndani ya midomo kugeuka bluu, kusinzia mchana, na kuongea vitu visivyoeleweka. Hiyo ya mwisho hudhaniwa uzee umepanda kichwani, kumbe hewa chafu imejaa kwenye damu.

Kituoni, toa salbutamoli mipulizo 4 hadi 8 kwa spesa, mmoja mmoja, na urudie baada ya dakika 20 kama haijashika. Prednisoloni ni miligramu 40 kwa siku, siku 5, kisha simamisha. Antibiotiki, mfano amoksisilini au doksisaiklini, ni kwa ambaye makohozi yamegeuka rangi pamoja na kuongezeka au kuhema zaidi. Siku 5 zinatosha.

Oksijeni ipimwe. Anza na lita 1 hadi 2 kwa dakika kwa mirija ya puani, na ulenge usomaji wa asilimia 88 hadi 92. Mkono wa huruma hufungua mtungi hadi mwisho, na hapo ndipo baadhi ya wagonjwa hawa hulala usingizi wasioamka. Tasmania, Australia, wahudumu wa gari la wagonjwa walipotoa oksijeni kwa kipimo badala ya kuimwaga, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2010 yalionyesha vifo kupungua kwa zaidi ya nusu. Wala usimnyime kwa woga. Chini ya 88 anahitaji, na mara moja.

Hatua ya 8: Anaporudi kliniki

Baada ya kuzidiwa arudi ndani ya wiki 4. Mwambie avute dawa mbele yako, kwa kopo lake na chupa yake, kabla hujaandika kitu. Mpime uzito, oksijeni na alama ya mwendo, ulinganishe na ya mara iliyopita. Anayebaki na asilimia 88 au chini akiwa ametulia, na ikapimwa tena baada ya wiki 3 ikawa vilevile, anastahili oksijeni ya nyumbani kwa angalau saa 15 kwa siku. Familia iulizwe kwanza kuhusu umeme, na pasiwe na moto wala sigara chumbani mwake.

Muulize pia analalaje, na kama bado anaona raha ya kukaa na watu. Wengi wana sonona na hakuna aliyewahi kuuliza. Kwa aliyefika ukingoni, ambaye dawa zote zimetumika na bado anatweta akiwa kitini, mwelekeze kwenye huduma ya kutuliza maumivu, na uwaonyeshe wanawe kumpepea usoni kwa kipepeo, puani na mashavuni. Ni tiba iliyojaribiwa, haina gharama, na mjukuu yeyote anaiweza.